Chura Asiyejua Mpaka wa Shamba

Wahitimu mnaokwenda kuwa maofisa wa mazingira, leo nimekuja na habari za chura.

Anaitwa koki, kwa sababu ndivyo anavyolia: ko-kii! Kwao Puerto Rico anapendwa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alifika Hawaii, amejificha kwenye miche ya maua iliyosafirishwa kuuzwa. Visiwa vile havikuwa na chura wa asili hata mmoja. Mayai yake huanguliwa vyura kamili, bila kupitia kiluwiluwi, hivyo hahitaji dimbwi; majani yenye unyevu yanamtosha. Kidole gumba kinamzidi urefu, lakini dume akilia karibu nawe, mlio wake hufika hata desibeli 90. Wafikirieni maelfu, usiku kucha, dirishani kwa mama mwenye mtoto mchanga.

Dawa ipo: asidi ile ile iliyomo kwenye ndimu, ichanganywe na maji kwa asilimia 16, ipuliziwe usiku. Kinachoshinda watu ni mipaka. Wewe upulizie, jirani aache, vyura watavuka ua warudi kwako. Ndiyo maana kwenye Kisiwa Kikubwa cha Hawaii serikali ya kaunti iliazima wakazi mabomba ya kupulizia, nao wakajipanga mtaa kwa mtaa. Hata hivyo huko koki alikwisha kusambaa, na mpaka leo yupo.

Kisiwa kingine huko Hawaii, Kauai, kilimwahi. Alikuwa amejikita sehemu moja tu, Lawai, na baada ya kazi ya miaka kama kumi, mwaka 2012 ilitangazwa kuwa ametokomezwa. Mimi huwaza zaidi juu ya wenye ardhi wa pale. Walikubali watu wenye tochi waingie mashambani mwao usiku, waondoke, kesho warudi tena. Ruhusa ya namna hiyo, wanangu, haipatikani kwa barua yenye mhuri. Hupatikana kwa kukaa barazani na watu, kuwasikiliza, na kurudi siku uliyosema utarudi.

Atakayesikia mlio mgeni kwanza ni mkulima au mlinzi wa usiku; wewe utakuwa umelala. Kwa hiyo mkifika vituoni, bandikeni namba zenu za simu kwenye ofisi ya kijiji. Na simu ikiita saa nane za usiku, pokeeni, mvae mabuti, mwende.