Ukumbi wa Michezo wa Chuo Kikuu na Watu Wenye Sare



Jinja, iliyopata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ina mambo mawili ambayo hayakutani katika kila mji. La kwanza ni elimu ya juu: Chuo Kikuu cha Makerere kina tawi lake hapo, na Shule ya Biashara ya Makerere vilevile. La pili ni majeshi: ipo kambi ya Gaddafi, na huko Kimaka kipo chuo cha maofisa waandamizi wa UPDF. Mwanafunzi na askari hununua samaki katika soko moja na husafiri katika taksi moja. Ni mara chache, hata hivyo, wanapokutana wakiwa wameshika mpira mmoja. Kwa sababu hiyo, suala la vyuo vikuu kujenga kumbi za michezo mbalimbali linawahusu pia wenye sare.

Ukumbi wa namna hiyo si jumba la anasa. Ni sakafu moja chini ya paa moja. Mpira wa mikono huhitaji urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Ndani ya kipimo hicho hicho huenea kiwanja cha mpira wa kikapu, ambacho ni mita 28 kwa 15. Cha mpira wa pete, mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Na cha mpira wa wavu, mita 18 kwa 9. Kila mchezo hupewa mistari ya rangi yake. Nyavu hutolewa, ulingo wa ndondi hufungwa, na siku ya mitihani hupangwa madawati. Yafaa sakafu iwe ya mbao, kwani saruji huumiza magoti; na paa lisipungue mita 7, ili mpira wa wavu upate nafasi ya kuruka.

Viwanja vya Kakindu na Bugembe vina heshima yake, lakini viko wazi. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huvunja mazoezi mengi. Isitoshe, askari polisi anayetoka zamu jioni hukuta giza limekwisha kuingia. Paa na taa humrudishia saa zake mbili za kunyoosha viungo, na pengine humwepusha na kilabu cha pombe.

Hakuna haja ya kuwaeleza wanajeshi na polisi thamani ya michezo, maana wao wenyewe wameiandika katika historia. Mwezi wa Septemba 1972, mjini Munich, John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alipangwa katika njia ya kwanza, ambayo kona zake ni kali kuliko zote, akavunja rekodi ya dunia na kuipatia nchi medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Mwaka huo huo timu ya jeshi, Simba, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika na kushindwa na Hafia ya Guinea.

Hata hivyo, miaka hiyo hiyo ilikuwa na upande mwingine, na haifai kuuficha. Mwezi wa Agosti 1976, askari wa utawala wa Idi Amin waliingia Makerere na kuwapiga wanafunzi. Jeraha la namna hiyo haliponi kwa hotuba. Huacha mazoea: mwanafunzi aonapo sare hunyamaza, na askari aonapo mwanafunzi hushuku fujo.

Hata lugha ilipata hasara. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kwa miaka mingi raia wengi walikuwa wamekisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho. Katika uwanja wa mpira lugha hiyo hiyo husema: nipe, rudi nyuma, vizuri sana. Kijana aliyepewa pasi kwa Kiswahili jana hawezi kukiogopa kama zamani leo.

Vyuo vikuu navyo vimeonyesha uwezo. Mwezi wa Septemba 2018 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya vyuo vikuu ya mpira wa pete, na mabinti wa Uganda wakatwaa ubingwa kwa kuishinda Afrika Kusini. Na majeshi yameonyesha mkono wa ujenzi: Brigedi ya Uhandisi ya UPDF ndiyo iliyoukarabati uwanja wa Namboole, na mwezi wa Juni 2024 timu ya taifa ilirejea kucheza hapo. Chuo chenye ardhi na jeshi lenye mafundi wana kila sababu ya kuzungumza.

Lakini kujenga ni nusu ya kazi. Ukumbi huweza kufa wakati kuta zingali imara: ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja, kiingilio kikamshinda konstebo, maji ya paa yakaozesha mbao. Ni lazima ratiba ibandikwe mlangoni, yenye saa za wanafunzi, saa za askari na familia zao, na saa za watoto wa mtaa. Ni lazima fedha za matengenezo zitengwe kabla ya utepe kukatwa. Na askari anayeingia aache bunduki na cheo kambini. Ndani ya mistari, amri ni ya filimbi ya mwamuzi, na kapteni akicheza rafu ataadhibiwa sawa na kuruta.

Siku moja huenda askari yule akatumwa kulinda maandamano ya wanafunzi. Akiona mbele yake mlinda goli wa timu yake ya Jumamosi, atafikiri mara mbili kabla ya kuinua rungu; na kijana naye atafikiri mara mbili kabla ya kuokota jiwe. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.