Nguo ya anayeleta sahani

Maneno ya komite ya restora katika mkutano wa wanamemba, Baraka. Tuliombwa tuyaandike ili na waliokosa mkutano wayasome.



Leo tuko na neno moja tu, lakini limetugawanya tangu mwezi uliopita. Je, nguo za watumishi wa restora zinabadilisha kitu kwa mtu anayekuja kula? Kuna wanaosema: "Mutu anakuja kula bugali, hakuji kula shemizi." Wengine wanasema restora bila unifomu ni jiko la nyumbani tu, mgeni hataiheshimu. Sisi wa komite tulikuwa upande huu wa pili. Leo tunasimama mbele yenu kusema kwamba nguo inabadilisha kitu, tena kikubwa, lakini si kwa njia ile tuliyofikiri. Na kuna mahali tulikosea.

Tuanze na yale tuliyoona kwa macho.

Mteja akiingia, kabla hajaonja kitu, anaangalia mikono na nguo za anayemkaribisha. Hapa kwetu hayo si majivuno. Kandokando ya ziwa Tanganyika, Uvira mpaka huku Fizi, kipindupindu tunakijua kwa majina ya watu tuliowazika. Mtu aliyemuuguza mtoto wake kwenye kile kitanda chenye tundu hawezi kuona uchafu kwenye nguo ya mtumishi akabaki na hamu ileile. Mukeke umekaangwa vizuri, chumvi imekaa sawa, lakini yeye anakula na wasiwasi. Mlo wake umekwisha kuharibika.

Jambo la pili ni kujua nani ni nani. Mtakumbuka ile siku ya soko ambapo mteja alimaliza kula, akampa makuta kijana aliyesimama karibu na mlango, akifikiri anatumika kwetu. Kijana akatoka, hakurudi. Mteja anasema amelipa, mama anayeshika makuta anasema hajapokea, wakapigiana makelele mbele ya watu wote. Siku ile hakuna aliyekula kwa amani, hata wale waliokaa mbali. Ndiyo sababu tuliamua kununua unifomu. Shabaha ilikuwa nzuri.

Sasa tuseme makosa yetu.

Kosa la kwanza, tulichagua shemizi nyeupe, juu tulitaka kufanana na hoteli kubwa za mjini. Lakini sombe yetu inapikwa na mawese, maharagi yetu vilevile. Kufika saa sita ya mchana, kila mtumishi alikuwa na alama za mawese kifuani. Mbele, na vikwembe vyao vya kila siku, doa halikuonekana sana. Sisi tulinunua nguo ya kuonyesha usafi, ikaonyesha uchafu.

Kosa la pili, tulitoa shemizi moja moja. Mtumishi anatoka kazini jioni, anafua usiku, asubuhi lazima aivae. Kipindi cha mvua nguo haikauki. Watoto wetu walikuja kazini na nguo mbichi mwilini, wengine wakaanza kukohoa. Nani atafurahia sahani inayoletwa na mtu anayekohoa?

Kosa la tatu, mgongoni tuliandikisha jina la chama kwa herufi kubwa. Mzee mmoja aliingia, akaona yale maandishi, akauliza kama ni lazima aonyeshe kadi. Watu walicheka, naye akacheka. Lakini sisi tuliotoka Lugufu na Nyarugusu tulielewa. Kule kambini, aliyevaa nguo yenye maandishi ndiye alikuwa anapima unga, na sisi tulikuwa kwenye mstari na kadi mkononi. Tulivuka ziwa kurudi kwetu ili tule chakula tulichokitafuta wenyewe. Mtu anayelipa makuta yake asijisikie tena kama anangoja posho.

Kosa la nne ndilo linatuuma zaidi. Bei ya zile shemizi tuliikata kwenye malipo ya watumishi, miezi miwili mfululizo, bila kuwauliza. Mama mmoja mteja alituambia: "Chakula chenu ni kitamu, lakini huyu mutoto analeta sahani sawa na mutu anayelipa deni." Hakujua kwamba ni deni kweli. Binti mmoja wa kwetu, aliyekuwa anasomesha mdogo wake kwa malipo yale, aliacha kazi. Tulisema ni mvivu. Hakuwa mvivu, tulimkosea. Na wateja waliokuwa wanakuja juu yake, juu ya namna alivyowakaribisha, hatuwaoni tena.

Kwa hiyo, wandugu, kwa ile swali jibu letu ni hili: nguo ya mtumishi inaingia kwenye mlo kwa njia tatu. Inamwambia mteja kama chakula ni safi, inamwonyesha nani wa kumwita na nani wa kumlipa, na inaonyesha kama aliyeivaa anaheshimiwa. Hiyo ya tatu haiandikwi kwenye kitambaa, inaonekana usoni.

Haya ndiyo tunayoomba mkutano ukubali.

Tuache shemizi. Tushone tabulie, ile nguo ya kufunga mbele, pamoja na kilemba, vyote kwa kikwembe kimoja cha rangi nzito. Mafundi wa cherehani tuko nao humu ndani ya chama, feza isitoke nje. Kila mtumishi apate mbili, moja mwilini, moja kwenye kamba. Wanaume wapate tabulie na kofia ya kitambaa hichohicho. Zikae mali ya chama, na sabuni ya kuzifua pamoja na makaa ya pasi vitoke kwenye mapato ya restora.

Tabulie ivuliwe kabla ya kwenda chooni na kabla ya kushika makaa. Isiwe kitambaa cha kufutia mikono. Tabulie mpya na mikono isiyonawa ni uongo tu, kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni vitangulie. Na anayeshika makuta asiguse chakula.

Feza itoke wapi? Wote mnajua makasha yetu matatu. Kasha nyekundu ni ya ugonjwa na msiba, haiguswi hata siku moja. Kasha bluu ni ya feza iliyotoka nje. Tunaomba mkopo kwenye kasha kijani, na restora itaurudisha pamoja na faida, sawa na mwanamemba yeyote.

La mwisho, kabla hata ya kununua kitambaa, watumishi wote warudishiwe makuta tuliyowakata, pamoja na binti aliyeondoka. Sisi wa komite tutaenda kwao nyumbani, tutaomba msamaha, na tutamuuliza kama anakubali kurudi. Akikataa, ni haki yake, lakini makuta yake tutamwachia.

Anayekubali ainue mkono. Asiyekubali asimame aseme sababu zake hapahapa, tusiende kuzisikia sokoni.