MKONO ULIOLAUMIWA BURE

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Bura)



Halmashauri ya tawi imetutaka tueleze habari ya ule mtambo mdogo wa Morse tuliouunda wenyewe hapa Bura, jinsi ulivyotusumbua na jinsi ulivyopona. Twafurahi kueleza. Lakini twawaambieni mapema ya kuwa habari hii si ya waya na betri peke yake. Ndani yake mna kosa letu sisi, tena kosa ambalo watu wa chama hawakupasa kulifanya. Nalo tutalitaja bila kulificha.

KWA NINI MORSE?

Wengine watauliza: Morse ya nini siku hizi? Swali ni la haki. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, na kwa miaka mingi habari za pwani na bara zilikwenda kwa nukta na vistari. Siku hizo zimepita. Meli ziliacha kutegemea Morse kwa wito wa hatari tangu tarehe 1 Februari 1999, na mwaka 2003 mkutano wa redio wa dunia uliziachia nchi ziamue zenyewe kama mwenye kuomba leseni ya redio ya ridhaa atahiniwe Morse au la.

Lakini Morse ina fadhila moja ambayo haijapitwa: hutosheka na nguvu kidogo. Mtambo wetu hutoa wati 2 tu, kwenye kilohezi 7030, kwa betri ya volti 12. Sauti ya mtu kwa nguvu hiyo ingemezwa na kelele za angani, lakini nukta na kistari husikika. Na sisi tunaokaa kando ya Tana twajua njia zinavyokatika. Mafuriko ya mwisho wa 1997 hayajasahaulika, na Novemba 2023 maji yalifunika tena barabara ya Madogo, Garissa ikatengwa na njia ya Nairobi. Siku kama hiyo mnara wa simu ukikosa umeme, simu ya mkononi hugeuka kipande cha kioo mfukoni. Ndiyo sababu tukaanza mazoezi kabla ya mvua. Afanyaye mazoezi siku ya mafuriko amechelewa.

Twakumbusha jambo moja: redio ya ridhaa ni ya mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nayo si chombo cha biashara. Wapigaji wetu watatu wote wana leseni zao. Asiye nayo aje ajifunze kusikiliza kwanza.

JINSI TABU ILIVYOANZA

Tuligawana zamu tatu: asubuhi, saa sita mchana, na magharibi. Zamu ya saa sita ilikuwa ngumu, kwani nanyi mnalijua jua la Bura saa hiyo. Bati la paa huwaka kama kaango. Wengi tuliikwepa. Mwenzetu mmoja, kijana fundi wa mashine za maji, akasema, “Nipeni mimi.” Tukampa, tena kwa shukrani.

Baada ya siku chache mpokeaji wetu wa Garissa akaanza kulalamika. Habari za asubuhi zafika safi. Habari za mchana zafika zimechanika. Neno MAJI limefika kwake UAJI. Neno TANA limefika IANA. Kila mara ni zamu ya kijana yule yule.

Basi tukaketi, tukasema: mkono wake ni mzito, arudi kujifunza. Mwenyewe akajibu kwa adabu, “Ndugu zangu, mimi nasikia mlio sikioni mwangu nikipiga, nao ni mzima. Naona mtambo haupendi joto.” Tukamcheka. Mzee mmoja akamtupia methali: Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tukamwondoa zamu. Hatukufungua sanduku hata kidogo.

Siku ya pili zamu ile ikashikwa na mwalimu wake, aliyemfundisha nukta ya kwanza. Garissa wakajibu: UAJI.

Hapo ndipo tulipotafuta bisibisi.

JINSI TULIVYOTAFUTA KOSA

Twaeleza hatua kwa hatua, ili kila mwenye mtambo wa namna hii aweze kufuata.

Kwanza, tuliondoa antena, tukaweka mzigo wa bandia mahali pake, tusisumbue watu angani. Mzigo huo ni rezista mbili za omu 100, za wati 2 kila moja, zilizofungwa sambamba; pamoja hufanya omu 50, nazo huweza kubeba nguvu yote ya mtambo. Zisiwe zile za waya uliosokotwa, kwani msokoto huo huleta hesabu nyingine.

Pili, tulipima betri kigongeo kikiwa juu, kisha kikiwa chini. Ilishuka kidogo tu. Kama ingeshuka volti mbili au zaidi, tungesafisha vichwa vya betri na kukaza waya kabla ya jambo lingine lolote. Mengi hukomea hapo.

Tatu, tuliutazama ugonjwa wenyewe unasema nini. M ni vistari viwili. Kistari cha kwanza kikikatika katikati, huwa nukta mbili na kistari, na hiyo ni U. T ni kistari kimoja; kikikatika huwa nukta mbili, na hiyo ni I. Kumbe hakuna kilichoongezwa wala kusahauliwa. Vistari vilikuwa vinavunjika. Mkono mzito hukosea kwa namna nyingi, leo hivi, kesho vile. Huu ulikuwa ukikosea kwa namna moja tu.

Nne, tuliweka redio ndogo ya kupokea chumba cha pili, mtu mmoja asikilize kinachotoka kweli. Mpigaji akabaki na mlio wake sikioni. Tukashika kistari kirefu, tukahesabu hadi kumi. Mpigaji akasema, “Ni mzima.” Wa chumba cha pili akasema, “Umekatika mara tatu.” Ndugu, wote wawili walisema kweli! Mlio wa sikioni si ule uendao angani. Waya wa kigongeo ukiingia sandukuni hugawanyika njia mbili: moja huwasha kengele ndogo ya sikioni, na nyingine hufungua transista inayoupa mtambo nguvu ya kupeleka. Njia moja yaweza kuwa nzima na ya pili mbovu. Kijana wetu alisikia alichosikia, na Garissa walisikia walichosikia.

Tano, kwa kuwa mlio wa sikioni ulikuwa mzima, tulijua kigongeo ni kizima, na waya wake, na plagi yake, mpaka pale njia zinapogawanyika. Ili tusibaki na shaka, tulichomoa kigongeo tukaunganisha kwa kipande cha waya. Ukakatika vile vile. Mkono ukatoka katika mashtaka, na kigongeo kikatoka. Kosa lilikuwa mbele ya njia panda.

Sita, tuliupeleka mtambo kivulini mpaka ukapoa. Ukapona. Tukaurudisha juani, na baada ya muda ukaugua tena. Tukachukua kijiti kikavu tukagusa kiungo kimoja kimoja taratibu, huku redio ya chumba cha pili ikisikilizwa. Tulipogusa mguu wa ile transista ya kufungua nguvu, sauti ikakatika. Tukaachia, ikarudi. Tukapima kwa mita: upande mmoja wa kiungo volti zipo, upande wa pili zaja na kutoweka.

Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele kuzunguka mguu ule. Lehemu ilikaa juu yake bila kuushika. Asubuhi chuma kikiwa baridi viligusana. Mchana joto likivitanua viliachana. Na nani alilehemu pale? Sisi. Usiku, kwa haraka, kwa mwanga wa tochi.

Tulikwangua mguu mpaka ukang’aa, tukaupasha moto barabara, ndipo tukaleta lehemu ikatiririka yenyewe. Kazi ya dakika tano. Siku hiyo saa sita Garissa wakajibu: MAJI.

DALILI NYINGINE ZA KUZIJUA

Vistari vikivunjika, tafuta mahali palipoachana: ncha chafu za kigongeo, plagi iliyolegea, lehemu mbovu. Ncha husafishwa kwa karatasi safi iliyopitishwa katikati yake, si kwa tupa.

Nukta ya kwanza ikipotea, shauri ni jingine. J hufika O, kwa kuwa nukta yake ya mbele imemezwa na kubaki vistari vitatu. Hapo mtambo wachelewa kugeuka kutoka kupokea kwenda kupeleka. Tazama swichi ya kugeuza, au kapasita iliyo kubwa mno kwenye njia ya kigongeo.

Sauti ikilia “tyu, tyu” kama kifaranga, nguvu ya betri yashuka kila ukibonyeza, na kipande kinachozaa mawimbi chayumba. Kipe nguvu yake iliyotulizwa, isiyoshuka pamoja na nyingine.

Majirani wa angani wakilalamika kuwa wasikia vishindo pembeni mwa masafa yako, nukta zako zaanza na kukoma kwa ukali mno. Kwa mwendo wa maneno 12 kwa dakika, nukta moja ni sehemu ya kumi ya sekunde. Mwanzo wake na mwisho wake upewe kama sehemu 5 za elfu ya sekunde kupanda na kushuka, kwa kapasita ya kadiri. Usizidishe, usije ukazila nukta zenyewe.

Na mtambo ukijigonga wenyewe pindi antena ikifungwa, lakini ukatulia kwenye mzigo wa bandia, mawimbi yarudi ndani kwa waya wa kigongeo. Fupisha waya huo, na uweke kapasita ndogo pale unapoingia sandukuni.

NENO LA MWISHO

Ndugu wanachama, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema ya kuwa mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa mwenendo mbaya au kwa kutofanya kazi vizuri, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, naye mfanyakazi awe na mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi, na maneno yao yasikilizwe. Kifungu hiki twakijua sote. Tumekisoma kwa sauti mbele ya wakubwa mara nyingi.

Lakini siku ile sisi ndio tulioketi kiti cha mkubwa. Hatukumpa kijana yule mtu wa kusimama naye. Alitueleza ugonjwa wa mtambo kwa maneno machache yaliyo sahihi, nasi tukamjibu kwa methali. Tena hatukuuliza swali lililo jepesi kuliko yote: je, kosa hili ni la mtu huyu, au ni la saa ile anayofanya kazi? Aliyekubali saa ngumu alibeba lawama za saa hiyo. Mambo haya hutokea mashambani na kwenye mashine pia, nanyi mna mifano yenu.

Tumemwomba radhi mbele ya wenzake, naye amekubali kurudi. Ila zamu ya saa sita sasa huzunguka kwa sisi sote, kila mtu na siku yake. Na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mtambo tumeandika amri hii: Pima kwanza, ulaumu baadaye.

Mwenye kutaka kujifunza aje Jumapili saa kumi jioni, aje na kalamu. Vigongeo ni viwili, na benchi lina nafasi.

Umoja ni nguvu.