Mguu Uliovunjika: Chuma cha Ndani, Bamba au Vyuma vya Nje?



Katika wodi za mifupa kuna swali ambalo jamaa za wagonjwa huulizana kwa sauti ya chini. Mbona kijana wa bodaboda amewekewa chuma ndani ya mfupa, na wa kitanda cha pili anatoka na vyuma vimechomoza nje ya mguu? Wengine hudhani ni pesa au kujuana. Mara nyingi jibu liko kwenye jeraha lenyewe.

Mbele ya muundi hakuna nyama, ni ngozi tu. Mfupa huo ukivunjika kwa kishindo, hutoboa ngozi kwa urahisi na uchafu wa barabarani ukaingia. Ukivunjika bila jeraha na vipande visiachane, plasta peke yake yaweza kutosha.

Chuma cha ndani ni fimbo inayopitishwa kwenye uwazi wa uboho, kuanzia chini ya goti, kisha ikakazwa kwa skrubu. Hufaa sana mfupa uliovunjika katikati, na mgonjwa huanza kukanyaga mapema. Iko aina iitwayo SIGN, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya hospitali zisizo na eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, nayo hutumika hapa Kenya.

Bamba hulazwa juu ya mfupa, hasa karibu na goti au kifundo, ila huhitaji ngozi nzima ya kulifunika. Huko Uingereza, utafiti wa watu wazima 321 waliovunjika karibu na kifundo, uliochapishwa 2017, haukuona tofauti ya maana kati ya bamba na chuma cha ndani baada ya miezi sita.

Vyuma vya nje ndivyo vinavyoogopesha watu. Hata hivyo hufungwa haraka, na huacha jeraha wazi lisafishwe. Kero yake ni kusafisha matundu ya ngozi kila mara, na macho ya watu kwenye matatu.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ililinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa zaidi ya 200 wenye muundi uliotoboa ngozi, ambao jeraha liliweza kushonwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Kwa mwaka mmoja, vifo na upasuaji wa kurudia havikutofautiana sana. Waliowekewa chuma cha ndani walipata nafuu zaidi wiki za kwanza, na miguu yao haikupinda sana. Kwa hivyo mwenye vyuma vya nje hajapunjwa.

Linaloamua mengi ni dawa ya kuzuia maambukizi kutolewa mapema na jeraha kuoshwa vizuri. Njiani, funikeni jeraha kwa kitambaa safi, mkaufunge mguu kwenye ubao au katoni ngumu. Msirudishe mfupa ndani, wala msimpitishe kwanza kwa mkandaji.

Maumivu yakizidi licha ya dawa, au vidole vikifa ganzi, muuguzi aitwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na plasta imeshafungwa. Kukawia kwaweza kumgharimu mtu mguu.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, jamaa wana haki ya kuuliza: kwa nini chuma hiki, mgonjwa atakanyaga lini, arudi lini kwa eksirei, na SHA italipa gharama zipi.