Moyo Uliovunjika na Faraja ya Simu: Nasaha kwa Wazazi na Walimu

(Mada iliyotolewa msikitini baina ya Magharibi na Ishai, mbele ya wazazi wa wanafunzi wa madrasa)

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, jambo tulilolichagua usiku huu si jepesi kulisema hadharani, na pengine ndiyo sababu halisemwi. Ni la mtu mwenye maradhi ya nafsi, ambaye juu ya maradhi hayo moyo wake umevunjwa na aliyempenda, kisha akaipata faraja yake, si kwetu sisi, bali ndani ya simu, miongoni mwa mashabiki wenziwe wa waimbaji au waigizaji wa nchi za mbali. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani mtoa nasaha hana haki ya kujificha nyuma ya mimbari.

Kosa tulilolifanya

Miaka michache iliyopita alitujia mzazi mmoja na malalamiko juu ya binti yake, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu. Binti alikuwa amechumbiwa, mahari imekwishatajwa, kisha upande wa mume ukaivunja posa bila ya maelezo. Tangu siku hiyo alibadilika: chakula hali, usiku halali, alfajiri hainuki, na hata majuzuu aliyoyahifadhi yakawa hayakai ulimini. Kilichomkera baba zaidi ni simu. Binti alikuwa akikesha akiandikiana na wasichana wa Indonesia, Misri na kwengineko juu ya kundi la waimbaji wa Korea Kusini. Mzazi akatuuliza: "Ustadhi, mtoto kaharibika. Tufanyeje?" Nasi, bila ya kumuuliza binti hata neno moja, tukajibu: mnyang'anyeni simu, asomewe ruqya, ashikamane na nyiradi.

Mzazi alitii. Katika wiki ya tatu mama mtu akatupigia simu usiku wa manane huku analia. Binti alikuwa amejaribu kujiua. Allah (S.W.) alimnusuru, akafikishwa hospitali mapema. Tulipokwenda kumjulia hali alitwambia neno ambalo halijatutoka masikioni: kwamba katika watu wote aliokuwa nao, wasichana wale wa kwenye simu peke yao ndio waliokuwa wakimuuliza kila usiku kama amekula, na kama kesho atakuwepo. Sisi tuliikata kamba aliyokuwa ameishika, na badala yake hatukumpa mkono.

Je, mwenye imani hahuzuniki?

Wapo wanaosema kwamba Muislamu wa kweli hapatwi na maradhi ya nafsi. Kauli hii haina msingi. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe, kama ilivyoelezwa katika Suratu Yusuf, wala hakuna anayethubutu kusema kuwa imani yake ilikuwa haba. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, wa kumi wa utume, wanahistoria waliuita Mwaka wa Huzuni.

Ama kuvunjika moyo kwa mapenzi, imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) habari ya Mughith na Barira. Barira alipoachwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe au kuachana naye, akachagua kuachana. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Tuzingatie alivyofanya Mtume (S.A.W.). Hakumcheka mtu yule wala hakumwambia kuwa mwanamume halii. Alistaajabia mapenzi yake, kisha akamwendea Barira kumshufaia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipojibiwa kuwa ni shufaa tu, akasema hana haja naye, na likaishia hapo. Basi tunapata mafunzo mawili kwa pamoja: aliyevunjika moyo huhurumiwa, na aliyekataa halazimishwi.

Wanavyuoni wetu waliyajua maradhi haya

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Mwanasaikolojia wa Kisudani, Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, alifanya kazi kubwa ya kukitambulisha upya. Humo al-Balkhi aliigawa huzuni katika mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kumpoteza umpendaye, na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na mwili, na kwa hiyo akataka mwili nao utibiwe. Alishauri pia kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, kama anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura.

Waislamu wakajenga na majengo. Mwaka 1354 huko Halab, nchini Syria, ilijengwa hospitali ya Arghun, ambamo wagonjwa wa akili walitengewa vyumba vilivyozunguka nyua zenye chemchemi, ili sauti ya maji iwatulize. Wahenga wetu waliwawekea wagonjwa maji. Baadhi yetu leo tunawawekea minyororo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa zaidi ya watu milioni 280 ulimwenguni wana sonona. Hawa hawawezi kuwa wote wamelogwa. Ruqya ya kisheria ni haki na hatuipingi, lakini aliyetufundisha ruqya ndiye aliyetuamrisha kutafuta tiba. Kumpeleka mtu Mirembe, Dodoma, au Kidongo Chekundu, Unguja, si aibu kuliko kumpeleka mwenye kisukari kwa daktari wake.

Wanapata nini huko?

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza kwamba mtazamaji wa televisheni huweza kujenga na mtu wa kwenye kioo uhusiano unaofanana na urafiki, ilhali ni wa upande mmoja. Kwa moyo uliojeruhiwa, hapo ndipo penye utulivu: mtu wa kwenye kioo haji kuvunja posa. Lakini mashabiki wenyewe kwa wenyewe si wa upande mmoja. Wanasalimiana, wanaulizana hali, wanangojea pamoja kitu kipya, na mgonjwa aliyeiona kesho kama ukuta hupata sababu ya kuifikia.

Tusijifanye kuwa hatulijui jambo hili. Wazee wangapi humu hupoteza hamu ya chakula Simba au Yanga ikifungwa? Klabu moja ni ya mwaka 1935 na nyengine ya 1936, na mpaka leo watu hununiana kwa ajili yake. Na tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, iliyoonyeshwa baina ya 2014 na 2019, imewakesheza hata baadhi yetu walimu.

Kuna la kutuumiza zaidi. Mwaka 2016 mmoja wa vijana wa kundi la BTS, ajulikanaye kwa jina la Suga, alizungumzia waziwazi katika kazi yake sonona iliyomsibu. Binti zetu wakamsikia mtu mashuhuri akiyataja maradhi yao kwa jina lake bila ya haya. Je, ni lini waliyasikia yakitajwa kwenye mimbari zetu kwa upole?

Hatusemi kwamba kila kilichomo humo ni halali. Hukumu za muziki, za maingiliano na za kupoteza wakati zinajulikana, nasi hatukuja kuzibadilisha. Na madhara yapo: usingizi hupotea, Swala hupita, fedha humalizika, na mashabiki hutukanana kwa ukali. Tena, umtegemeaye naye ni kiumbe. Disemba 2017 mwimbaji wa Korea, Kim Jonghyun, aliyekuwa akisumbuliwa na sonona, alijiua, na wengi waliokuwa wakijiliwaza kwa sauti yake wakabaki hawana pa kushika. Moyo unamhitajia Asiyekufa. Lakini anayezama huvutwa kwanza ufukweni, ndipo akafundishwa kuogelea.

Tunayonasihi

Kwanza, tuulize kabla ya kuhukumu, na tukishauliza tusikilize mpaka mwisho.

Pili, tukiona dalili za kukata tamaa, tumuulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakupandikizi fikra hiyo. Akikiri, asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu vya hatari, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, dawa zisikatishwe bila ya kauli ya daktari, hata ikiingia Ramadhani. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake; sisi ni nani wa kumnyima?

Nne, simu isinyakuliwe. Tukubaliane naye saa za kulala na za Swala, tuwajue marafiki zake wa huko, na tuijaze nafasi kwa watu walio karibu.

Tano, kina mama wa msikiti huu waihuishe Sunna ya talbina, uji wa shayiri ambao Bi Aisha (r.a.) akiamrisha upikiwe wagonjwa na waliofiwa. Posa iliyovunjika nayo ni msiba. Uji unaoletwa mlangoni humwambia mgonjwa kuwa anakumbukwa.

Binti yule ametupa idhini ya kuyasema haya bila ya jina lake. Yu katika matibabu, zipo siku nyepesi na siku nzito. Simu anayo, na marafiki zake wa Indonesia anao. Alasiri huwasomesha watoto wadogo alifu kwa kijiti hapa madrasa, na jioni hutuuliza sisi, walimu wake, kama tumekula.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, aviunge vilivyovunjika, na atusamehe kwa wale tuliowafungia mlango. Wabillahi tawfiq.