Fungu la Mgonjwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu.

Tangu Oktoba 1, 2024, Kenya ilipoanza Bima ya Afya ya Jamii badala ya mfuko wa hospitali ulioundwa mwaka 1966, tumekuwa tukiulizwa: Je, ni halali mtu kutoa fedha mwaka mzima, asiugue, wala asirudishiwe hata senti? Aulizaye si wa kudharauliwa. Anaogopa kamari, na hofu hiyo ni dalili ya imani.

Wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Jeddah mwezi Desemba 1985, waliikataa bima ya biashara kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana jambo lisilojulikana mwisho wake. Wakaikubali bima ya kusaidiana, ambayo mtu huitolea kwa nia ya sadaka. Sisi twaliona fungu hili la umma kuwa karibu zaidi na hiyo ya pili, maana halina wenye hisa wanaogawana faida. Kweli, anayekatwa kwa sheria hakuulizwa hiari yake. Lakini nia ni ya moyo, haikatwi na karani. Asiyeugua hakupotewa: amemtibu jirani asiyemjua.

Hata hivyo, hatuwezi kuunyamazia upande wa pili. Mwenye mshahara alipangiwa kukatwa asilimia 2.75, mwezi kwa mwezi. Mchuuzi wa mahamri, ambaye hapati ila cha siku, alipangiwa angalau shilingi 300 kwa mwezi, tena azilete za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja: 3,600! Hilo ni zito kwetu kuliita uadilifu. Sheria hiyo hiyo imeiamrisha serikali kuwalipia wasio na uwezo. Basi walioshika amana hii wawatafute, wasingoje mpaka wafike dirishani na mgonjwa mgongoni.

Nasi je? Mafakiri wametajwa mbele ya wote wanaostahiki zaka. Kamati inayochangisha zulia jipya haishindwi na mchango wa mjane mmoja. Leo baada ya Sala, kabla hatujatawanyika, tuulizane: katika mtaa wetu, nani hajalipiwa?

Wabillahi tawfiki.