Kinga ya Saratani Siku ya Kuzaliwa



Tumezoea kuihesabu saratani kuwa maradhi ya watu wazima. Lakini saratani ya ini mara nyingi hupandwa siku mtu anapozaliwa, ikavunwa miaka mingi baadaye. Mbegu yake ni virusi vya homa ya ini ya aina B, ambavyo mama huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa hivyo, wapatao 90 hubaki navyo; kwa watu wazima hawafiki 5.

Je, mbegu hiyo yaweza kung'olewa? Taiwan ilijibu kwa vitendo. Mwaka 1984 ilianza kuwachanja watoto wachanga wa akina mama wenye virusi, na mwaka 1986 ikawachanja wote wanaozaliwa. Watafiti wakafuatilia kwa subira. Mwaka 1997 walitangaza kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka.

Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Saa hizo hazirudi, na mtoto azaliwaye mbali na mkunga huzipoteza kwa urahisi.

Ndugu zangu, ninyi mnasikilizwa na wazazi. Wahimizeni akina mama wajawazito wajifungulie penye mkunga na chanjo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.